Tom Mboya: Bwana Afya Aliyelifikisha Dai Mbele ya Baraza la Jiji

Msomaji, ukiwa Mombasa ukashika njia ya kwendea Tudor, utapita katika barabara yenye jina la Tom Mboya. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kiufundi huikanyaga kila siku, na wenye magari huitaja jina lake pasi na kufikiri. Ukimsimamisha mmoja wao ukamwuliza Mboya alikuwa nani, aghalabu atakwambia kuwa alikuwa waziri aliyeuawa, au kuwa ndiye aliyewapeleka vijana wetu kusoma Marekani kwa ndege. Yote hayo ni kweli. Lakini ni wachache watakaokwambia kuwa mtu huyu, kabla ya uwaziri na kabla ya ndege, alikuwa bwana afya, mtumishi wa mshahara wa Baraza la Jiji la Nairobi, na kwamba jina lake lilianza kutajwa kwa sababu ya jambo ambalo hata leo linawatoa watu majumbani na kuwapeleka kwenye milango ya serikali zao za miji. Jambo lenyewe ni fedha.

Thomas Joseph Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti, 1930, huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, katika shamba la makonge lililokuwa la tajiri wa kizungu aliyeitwa McMillan. Wazazi wake walikuwa Waluo wa kisiwa cha Rusinga katika ziwa la Nyanza, waliotoka kwao kufuata kazi. Baba yake, mzee Leonardus Ndiege, alikuwa nyapara wa wakata makonge. Basi mtoto huyu alizaliwa mbali na kwao, akakua katikati ya watu wa makabila mbalimbali, akasikia lugha nyingi kabla hajajua kuandika hata moja. Na alichokiona tangu utotoni mwake ni watu wakijipanga mwisho wa mwezi kungoja ujira ambao wao wenyewe hawakuwa na kauli juu ya kiasi chake.

Alisomea katika shule za misheni ya Kikatoliki, kwanza Ukambani, kisha Yala huko Nyanza, na mwisho Mangu. Alikuwa hodari darasani na hodari zaidi wa kusema. Lakini yeye ndiye aliyekuwa kifungua mimba, nyuma yake wako wadogo waliotaka karo, na mfuko wa nyapara una kina chake. Kwa hivyo hakuendelea na masomo ya juu. Mwaka 1948 aliingia katika chuo cha Jeanes, Kabete, ambako serikali ilikuwa ikifundisha mabwana afya, kwa kuwa huko mwanafunzi hakutakiwa kulipa karo kama ya shule. Wenziwe wakamchagua kuwa kiongozi wa wanafunzi. Mwaka 1950 akatoka na cheti.

Mwaka huo huo wa 1950 ndio Nairobi ilipopandishwa cheo ikawa jiji kwa hati ya Mfalme wa Uingereza. Sherehe zilifanywa, bendera zikapepea. Lakini wako waliouliza jiji hilo ni la nani. Viongozi wawili wa wafanyakazi, Makhan Singh na Fred Kubai, waliupinga ushangiliaji huo, na mwezi wa Mei wakakamatwa. Wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Makhan Singh alifungiwa mbali, na hakurudi kuwa huru mpaka mwaka 1961. Wafanyakazi wa jiji wakabaki kama jahazi lililokatiwa nanga na kunyang'anywa nahodha kwa wakati mmoja.

Ndani ya jiji hilo, mwaka 1951, ndimo alimoingia kijana Mboya, umri wake miaka ishirini, kuwa bwana afya wa Baraza. Kazi yake ilikuwa kukagua usafi wa nyumba na maduka, kutazama nyama na maziwa, kuhakikisha kwamba chakula kinachouzwa hakimdhuru mlaji. Ni kazi ya elimu na ya dhamana. Bwana afya akikosea, watu huugua.

Mabwana afya wa kizungu nao walikuwako, wakifanya kazi ile ile. Lakini ilipofika siku ya mshahara, kama alivyoeleza mwenyewe katika kitabu chake cha mwaka 1963, Mwafrika alipewa sehemu moja katika tano ya alichopewa Mzungu. Hebu tuifanye hesabu hiyo kwa vidole vya mkono mmoja. Watu wawili wanakagua maziwa yale yale, kwa kipimo kile kile, kwa sheria ile ile. Mmoja anaondoka na vidole vitano, wa pili anaondoka na kimoja. Hapana aliyedai kuwa maziwa yaliyokaguliwa na Mwafrika yalikuwa safi kwa sehemu moja tu katika tano.

Kuna kisa alichokisimulia Mboya mwenyewe, nacho chatosha kumweleza mtu wa leo hali ilivyokuwa. Siku moja alikuwa peke yake katika chumba cha kupimia maziwa. Akaingia mama mmoja wa kizungu na chupa ya maziwa mkononi. Mama yule akatazama huku na huku, kisha akauliza kama hapana mtu humu ndani. Mboya alikuwa amesimama mbele yake. Akamjibu kwa kumwuliza kama ana taabu yoyote ya macho. Mama alighadhibika, akatoka kwenda kumshitaki kwa wakubwa.

Kisa hiki watu hukicheka, na kweli kina kichekesho. Lakini tukikiangalia vizuri tutaona kuwa chupa ya maziwa na bahasha ya mshahara zilikuwa zikisema neno moja. Mtu asiyeonekana hawezi kulipwa sawa na anayeonekana. Mboya alilifahamu hilo mapema kuliko wenziwe wengi. Akafahamu vile vile kuwa jibu kali kwa mama mmoja halimwongezei mtu hata senti. Lazima jibu lipelekwe kwa aliyeshika daftari.

Watumishi wa Kiafrika wa Baraza walikuwa na chama chao cha maafisa, cha kukutania na kupelekea maombi kwa wakubwa. Mboya akachaguliwa kuwa kiongozi wake. Sasa, ombi na dai ni vitu viwili, ingawa vyote huandikwa kwa wino. Mwenye ombi husema, nitazameni kwa jicho la huruma. Mwenye dai husema, hii ni haki yangu na hesabu yake ni hii. Wazee wetu walipopeleka arudhihali kwa liwali au kwa bwana mkubwa waliifungua kwa heshima na kuifunga kwa dua, kisha wakangoja, na kungoja kwenyewe hakukuwa na mwisho. Mboya hakuiacha heshima, lakini alikataa kungoja. Alitaka chama chenye nguvu ya sheria, ambacho Baraza litalazimika kukaa nacho meza moja. Kile chama cha maafisa akakigeuza kikawa chama cha wafanyakazi kamili, kikaitwa Chama cha Wafanyakazi wa Serikali za Mitaa wa Kenya.

Jina hilo lina maana. Hakikuwa chama cha mabwana afya peke yao, wenye kola na cheti. Mfagiaji wa barabara, mzoa taka, karani wa kodi na mlinzi wa soko wote wanalipwa na mfuko mmoja wa manispaa, na wote walikuwa wakipunjwa na mfuko huo huo. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwenye cheti peke yake angeweza kunyamazishwa kwa nyongeza ndogo, na mfagiaji peke yake angeweza kufukuzwa asubuhi na mwingine akaandikwa adhuhuri. Wakiwa pamoja, jiji lingeamka na kuinuka na taka zake.

Baraza halikupendezwa. Katika baraza lile Waafrika walikuwa wachache, nao waliteuliwa tu, hawakuchaguliwa na watu. Kiti cha meya hakikukaliwa na Mwafrika mpaka mwaka 1962, alipokikalia Charles Rubia. Kwa hivyo aliyepeleka dai alikuwa akilipeleka kwa watu ambao hawakuhitaji kura yake wala hawakukaa mtaani kwake. Mwaka 1953 Mboya aliachana na kazi ya Baraza, akashika uongozi wa chama. Mwaka huo huo akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya nchi nzima. Umri wake ulikuwa miaka ishirini na mitatu.

Tukumbuke huo ulikuwa wakati gani. Hali ya Hatari ilitangazwa mwezi wa Oktoba, 1952. Vyama vya siasa vya Waafrika vilipigwa marufuku. Tarehe 24 Aprili, 1954, askari waliizingira Nairobi, wakapita nyumba kwa nyumba, maelfu ya watu wakapelekwa kambini, na miongoni mwao walikuwamo viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi. Katika ukimya ule, shirikisho la wafanyakazi ndilo lililobaki kuwa mdomo wa Mwafrika uliokubaliwa na sheria. Mboya alitumia mdomo huo kulalamika juu ya watu waliotiwa kizuizini na jamaa waliotolewa majumbani mwao. Alijua mpaka uko wapi, akatembea ukingoni mwake bila ya kuteleza. Wako waliomwona mwoga kwa ajili hiyo, na wako, upande wa serikali, waliomwona mtu wa hatari. Huenda hiyo ndiyo dalili kuwa alikuwa akitembea sawasawa.

Na madai yale ya mishahara hayakuwa maneno matupu ya watu wenye choyo. Mwaka 1954 kamati iliyoundwa na serikali yenyewe kuchunguza mishahara ya Waafrika, chini ya Bwana Carpenter, ilikiri kuwa karibu nusu ya wafanyakazi wa mijini katika makampuni, na karibu robo ya wale wa serikali na mabaraza, walilipwa ujira usiotosha mahitaji yao ya lazima. Ilieleza pia kuwa mishahara ilikuwa ikikadiriwa kana kwamba kila Mwafrika mjini ni kapera, hana mke wala mtoto. Mwaka huo huo Tume ya Lidbury ilipendekeza kuwa mishahara ya watumishi wa serikali za Afrika Mashariki isipangwe tena kwa kufuata rangi. Ile hesabu ya moja katika tano, ambayo kijana mmoja wa maziwa aliilalamikia, sasa ilikuwa imekosa mtetezi hata katika karatasi za wakubwa. Karatasi si mshahara, lakini dai lililokwisha kuandikwa na mdaiwa mwenyewe ni vigumu kulikana.

Hapa ndipo habari yetu inapoingia Mombasa. Mji huu haukungoja kufundishwa kudai. Mwezi wa Januari, 1947, wafanyakazi wapatao elfu kumi na tano, wa bandarini, wa reli, wa mahoteli na wa majumbani, waliweka chini kazi zao kwa siku kumi na mbili, na mji ukasimama. Kiongozi wao, Chege Kibachia, baadaye alikamatwa akahamishiwa mbali. Makuli wa Mombasa, Waislamu kwa Wakristo, wenyeji kwa wageni, walikuwa wamejifunza kuwa meli haiteremshi shehena yake wenyewe.

Mwezi wa Machi, 1955, makuli waligoma tena. Maelfu waliacha kazi, meli zikajipanga Kilindini, na serikali iliyokuwa katika vita vya msituni haikutaka vita vingine gatini. Mboya akateremka pwani. Jambo alilokuja kulifanya lilikuwa zito, kwani aliwaambia watu wenye hasira warudi kazini kwanza, na kesi yao ipelekwe mbele ya baraza la usuluhishi. Fikiri, msomaji, ni nani angelipokea neno hilo kwa urahisi? Mgeni kutoka bara, kijana wa miaka ishirini na minne, si kuli, hajabeba gunia hata siku moja, anawaambia wenye mabega yaliyochubuka waiweke chini silaha yao ya pekee kwa ahadi ya maneno.

Lakini walimsikiliza, wakarudi. Naye hakuwaacha njiani. Alisimama mbele ya wasuluhishi akaitetea kesi yao, akiwa na hesabu ya kinachoingia mfukoni mwa kuli na kinachotoka. Uamuzi ulipotolewa, makuli walipata nyongeza ya karibu theluthi moja ya mshahara wao. Dau la mnyonge haliendi joshi, ndivyo wasemavyo wahenga. Siku ile lilikwenda, na upepo wake ulikuwa hesabu iliyopangwa vizuri na watu wengi waliosimama nyuma yake.

Baada ya hapo nyota yake ilipanda haraka. Mwisho wa mwaka 1955 alikwenda kusoma katika chuo cha Ruskin huko Oxford. Mwaka 1957 alichaguliwa na Waafrika wa Nairobi kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka 1958 alikuwa mwenyekiti wa mkutano mkuu wa watu wa Afrika uliofanywa Accra. Mwaka 1959 ndege ya kwanza iliondoka na wanafunzi themanini na mmoja kwenda Marekani. KANU ilipoundwa mwaka 1960, yeye akawa katibu wake mkuu.

Mwaka 1962 akateuliwa kuwa Waziri wa Kazi. Mambo yakageuka. Yule aliyekuwa akibisha mlango kwa nje, sasa alikuwa ndani, na wanaobisha ni wenziwe wa jana. Migomo ilikuwa mingi mwaka ule, kila mtu alihisi uhuru umekaribia na anataka fungu lake kabla ya chakula kuiva. Mwezi wa Oktoba, 1962, Mboya aliwakutanisha waajiri na vyama vya wafanyakazi, wakatia saini mkataba wa namna ya kuishi pamoja. Mwajiri akitambue chama na kukaa nacho, mfanyakazi naye asigome kabla ya kuyamaliza mazungumzo. Ukiutazama mkataba huo utaiona Mombasa ya mwaka 1955 ndani yake, rudi kazini, lete hesabu yako, msuluhishi aamue. Mwaka 1964 ikaundwa Mahakama ya Kazi, ili dai liwe na mahali pa kwenda palipo na hakimu.

Wako waliosema kuwa amewasahau wenziwe, kwamba mfungaji nyavu amekuwa mlinzi wa samaki. Na mwandishi wa haki hana budi kuyataja haya. Mwaka 1965, akiwa Waziri wa Mipango ya Uchumi, alikuwa mshika kalamu mkuu wa ile karatasi ya serikali nambari 10 juu ya ujamaa wa Kiafrika. Ndani yake mliandikwa kuwa fedha za maendeleo zianze kuwekwa pale zitakapozaa zaidi, kwenye ardhi yenye rutuba na mvua, penye njia na penye watu walio tayari, ili faida yake baadaye iwafikie wengine. Sehemu nyingi za nchi, zetu zikiwamo, zimeingoja baadaye hiyo kwa muda mrefu. Mtu aliyeuliza kwa nini kazi ile ile ilipwe fungu tofauti alikuja kuandika kuwa raia wa nchi ile ile wangoje kwa zamu tofauti. Huenda aliamini kwa dhati kuwa hiyo ndiyo njia ya kumnenepesha ng'ombe kabla ya kumkama. Hata hivyo, waliongojeshwa nao wana haki ya kuleta hesabu yao mezani, na yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha kufanya hivyo.

Siku ya Jumamosi, tarehe 5 Julai, 1969, mchana, Mboya alitoka katika duka la dawa kwenye barabara iliyokuwa ikiitwa Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue, Nairobi. Akapigwa risasi akafariki. Hakuwa ametimiza miaka thelathini na tisa. Aliyempiga alishitakiwa, akahukumiwa kifo, akanyongwa mwaka huo huo. Lakini swali la kama alikuwapo aliyemtuma halikupata jibu mahakamani, nalo limebaki midomoni mwa watu hadi hivi leo. Alizikwa Rusinga, katika kisiwa ambacho baba yake alikiacha kwa kufuata ujira. Mwaka 2011 sanamu yake ilisimamishwa karibu na mahali alipoangukia, hatua chache kutoka katika njia za jiji alizokuwa akizikagua akiwa bwana afya.

Baraza la Jiji alilolipelekea madai halipo tena. Tangu mwaka 2013 kazi zake zimeshikwa na serikali ya kaunti. Lakini kile chama alichokianzisha kipo, na kimebadili jina kikawa chama cha wafanyakazi wa serikali za kaunti. Kila mshahara unapochelewa, mfagiaji na muuguzi na karani husimama chini ya jina hilo. Nao wakaaji wa mji wanaolipa kodi ya nyumba na ada ya soko, wasione taka ikizolewa wala maji yakifika, wana dai lao katika daftari hilo hilo, kwani fedha isiyomfikia mfagiaji ni ile ile waliyoitoa wao.

Basi ukipita Tudor tena, msomaji, na hasa ikiwa nawe unalo shauri la kupeleka mbele ya wakubwa wa mji, mkumbuke yule kijana wa chumba cha maziwa. Andika dai lako kwa adabu. Tia hesabu yake, senti kwa senti. Usiende peke yako. Na ukifika mlangoni ukaulizwa kama hapana mtu hapo, usione haya kujibu kwamba upo.